Tajiri anataka kuchukua timu yetu ya Katuba: kanuni za Uingereza zinatufundisha nini?

MwekaHazina_Katuba

Yambo sana, ndugu zangu.

Mimi ni mweka hazina wa timu ya mtaa hapa Katuba, Lubumbashi. Jina la timu naliacha kwa sasa, jambo lenyewe bado liko mezani. Mwezi huu amekuja mfanyabiashara mmoja wa madini, anataka kuwa prezida wetu. Anaahidi jezi mpya, nauli ya kila mechi, posho ya wachezaji kila wiki, kipa kutoka Likasi na washambuliaji wawili kutoka Kipushi. Vijana hawalali kwa furaha. Mkutano ni Jumapili baada ya ibada, na kazi ya kuandika masharti nimepewa mimi.

Nina hofu, na hofu yangu ina historia. Tulishawahi kumpata mtu wa namna hii. Alikuwa ananunua shaba kwa wachimbaji wadogo, gari lake lilijulikana mtaa mzima, na kwa misimu miwili tulikuwa timu ya kuogopwa. Uwanja wetu uko kando ya kichuguu kikubwa. Siku za mechi watoto walijaa juu yake mpaka udongo hauonekani. Kila alipotoa makuta, yaani pesa, alinipa daftari nisaini: jezi 22, mipira 6, nyavu mbili za magoli, kukodi basi la kwenda Likasi, mshahara wa kipa dola 150 kwa mwezi. Nilisaini kila mstari. Juu ya safu ile palikuwa pameandikwa neno moja kwa kalamu nyekundu, "avansi". Nililiona kila mara na sikuuliza.

Bei ya madini ikashuka, yeye akahama mji. Wiki mbili baadaye akaja dereva wake na lile daftari. Akasema vitu vyote vilikuwa mkopo, na kwa kuwa timu haina cha kulipa, vinarudi. Wakachukua jezi, wakahesabu mipira, kisha wakapanda kwenye milingoti kufungua nyavu, fundo moja moja, na watoto wa miaka kumi na miwili wamesimama pale wanasubiri mazoezi. Hata pampu ya kujazia mipira ilikuwa kwenye orodha. Kipa alirudi kwao akiwa na miezi mitatu hajalipwa. Msimu uliofuata hatukucheza ligi ya mji, kwa sababu ada ya kujiandikisha haikupatikana. Misimu miwili aliilipa yeye, na sisi wenyewe tukawa tumeacha kuchangishana.

Ligi Kuu ya Uingereza naiangalia kila Jumamosi. Najua Everton walikatwa pointi, Nottingham Forest wakakatwa pointi nne, Manchester City wakafunguliwa mashtaka yale 115 mwaka 2023. Ninachotaka kujua ni hiki: ile kanuni yao ya matumizi ya pesa za klabu inamzuia tajiri asitoe pesa yake, au inamlazimisha aitoe kwa njia fulani? Nikijua hilo nitajua niandike nini. Nawaomba mnijibu kabla ya Jumapili.

Wissa_wa_Kenya

Mukubwa, pole sana kwa yaliyowapata. Lakini ukiiga kanuni za Uingereza utamfukuza mtu kabla hajaingia.

Mimi ni shabiki wa Newcastle tangu Yoane Wissa, Mkongo mwenzetu, aliposaini pale Septemba 2025, na hapa commune ya Kenya, mjini kwetu Lubumbashi, tuko wengi. Nimeifuatilia hii habari mpaka inaniumiza. Oktoba 2021 mfuko wa taifa wa Saudia ulichukua asilimia 80 ya klabu, katika ununuzi wa pauni milioni 305. Mwezi haujaisha, klabu nyingine zikapiga kura kuzuia kwa muda udhamini wa kampuni zenye uhusiano na mmiliki. Mwaka 2003 Abramovich, tajiri wa Urusi, alipoinunua Chelsea, nani alizuia? Mwaka 2008 watu wa Abu Dhabi walipoingia Manchester City, siku hiyohiyo wakamsaini Robinho kwa pauni milioni 32.5, nani alipiga kura? Walioingia kwanza ndio walioshika komeo.

Juni 2024 mmiliki wetu ana utajiri wa nchi nzima, halafu klabu inamuuza Elliot Anderson kwa Nottingham Forest kwa pauni milioni 35, kijana iliyemlea tangu utotoni, na Yankuba Minteh naye anapelekwa Brighton. Yote hayo ili hesabu zikae sawa kabla ya tarehe 30 Juni, siku vitabu vya mwaka vinapofungwa. Mashabiki hawakutaka, kocha hakutaka, na Anderson mwenyewe alikuwa kwao.

Manchester United wanauza jezi mpaka sokoni kwetu. Mapato yao ni makubwa tangu zamani, kwa hiyo wana nafasi kubwa ya kutumia. Kanuni inayopima matumizi kwa mapato inampendelea aliyekwisha kushiba. Mwache huyo mtu wenu atoe. Ni jasho lake.

MamaHesabu_Kampemba

Mdogo wangu wa Kenya, una haki ya kuumia, na nitakurudia. Kwanza nimjibu baba mweka hazina.

Baba, mimi nafanya hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, madaftari ndiyo maisha yangu. Kanuni ya Ligi Kuu, ile ya hadi msimu wa 2025/26, haimzuii tajiri kutoa. Inaangalia hesabu za miaka mitatu kwa pamoja. Klabu inaruhusiwa kupata hasara ya pauni milioni 15 kwa nguvu zake yenyewe. Ikitaka kufika milioni 105, zile 90 za juu lazima mmiliki azifunike kwa kununua hisa, yaani pesa ikiingia imeingia, hawezi kesho kuidai. Mkopo hapo haukubaliki. Na kuna matumizi ambayo hayahesabiwi kabisa: kujenga uwanja, kulea vijana, timu ya wanawake, kazi za kusaidia jamii. Hayo mmiliki anaruhusiwa kuyamwagia pesa.

Rudi sasa kwenye daftari lako lenye neno jekundu. Jezi ni zilezile 22, zimenunuliwa kwa franga zilezile. Zikiandikwa "avansi", mtu akiondoka zinaondoka naye. Zikiandikwa ni mali ya timu, zinabaki kwenye kamba zinakauka. Timu yako haikuuawa na wingi wa pesa za yule mtu. Iliuawa na jina lililoandikwa juu ya safu.

Wazungu wenyewe yamewakuta. Chelsea ilikuwa inadaiwa na Abramovich kiasi cha pauni bilioni 1.5, mkopo. Machi 2022 akawekewa vikwazo na serikali ya Uingereza, na klabu ikawa haiwezi kuuza tiketi mpya, wala kununua mchezaji, wala kumwongezea mtu mkataba. Yeye alisema hatadai lile deni. Bilioni moja na nusu zilikuwa zimening'inia kwenye neno la mtu mmoja! Mwezi uleule Everton walisimamisha udhamini wa kampuni za Alisher Usmanov, tajiri mwingine wa Urusi, pesa waliyokuwa wakiitegemea ikakatika. Watu wanakumbuka zile pointi 10 za Novemba 2023, zilizopunguzwa kuwa 6 kwenye rufaa, kwa sababu hasara ilifika milioni 124.5 badala ya 105. Mimi nakumbuka ile siku ya mdhamini. Na Manchester United mnaowataja: mwaka 2005 familia ya Glazer iliinunua klabu kwa pesa za kukopa, kisha deni likatwikwa klabu yenyewe. Klabu ilikuwa haina deni, ikaamka ina deni la kununuliwa kwake.

Ila kisa kinachoninyima usingizi ni cha Bury, klabu ndogo karibu na Manchester. Ilianza 1885. Ilibeba Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903, na ile fainali ya 1903 waliifunga Derby County 6-0. Hakuna aliyeufikia ushindi huo kwenye fainali kwa miaka 116, mpaka Mei 2019, Manchester City walipoifunga Watford 6-0. Agosti ya mwaka huohuo Bury wakafukuzwa kwenye ligi, kwa kuwa mmiliki hakuonyesha kwamba ana pesa ya kuiendesha. Alikuwa ameinunua kwa pauni moja. Siku ya mwisho mashabiki walikuja uwanjani Gigg Lane na mifagio, wakafuta viti, wakafagia ngazi, ili kukiwa na mechi uwanja uwe safi. Jioni tangazo likatoka kwamba klabu haiko tena kwenye ligi. Baba, wewe ulisimama ukatazama nyavu zinafunguliwa, kwa hiyo unajua wale watu walikuwa wanahisi nini na mifagio yao mkononi. Kilio cha Bury ni mojawapo ya mambo yaliyofanya bunge la Uingereza lipitishe sheria mwaka 2025 ya kuweka msimamizi wa mpira asiye chini ya klabu wala ligi. Kazi yake mojawapo ni kumpima mmiliki kabla hajaingia.

Sasa wewe wa Kenya. Anderson aliuzwa kwa sababu ya namna vitabu vinavyoandikwa. Mchezaji aliyenunuliwa, bei yake hugawanywa kwa miaka ya mkataba wake. Chelsea walimnunua Enzo Fernández Januari 2023 kwa pauni milioni 106.8, mkataba wa miaka minane na nusu, hivyo kwa mwaka anaonekana ni milioni 12 na kitu tu. Baadaye mwaka huo wakubwa wakaweka kikomo cha kugawa, miaka mitano. Kijana aliyelelewa nyumbani hakununuliwa, hana bei kwenye vitabu. Akiuzwa, kila pauni ni faida. Ndiyo maana yeye ndiye wa kwanza kupelekwa sokoni. Kanuni iliyowekwa kuilinda klabu imegeuka kuwa sababu ya kuuza watoto wake, na hilo nalichukia kama unavyolichukia wewe. Chelsea wao waliuza hoteli zao mbili kwa kampuni dada, pauni milioni 76.5, na hesabu zikapendeza. Kwenye vitabu ilikuwa faida. Kwa macho ya mtu anayefanya kazi hii ni mkono wa kulia unaouzia wa kushoto.

Klabu zenyewe zimeona. Novemba 2025 zilipiga kura, 14 kwa 6, kuiacha kanuni hii. Kuanzia msimu wa 2026/27 gharama za kikosi zisizidi asilimia 85 ya mapato. Hoja yako ya aliyekwisha kushiba itabaki palepale, mdogo wangu. Pengine itazidi.

Baba_Kamalondo

Watoto wangu, mnakwenda mbali mpaka Bury, na mfano uko hapa mjini.

Moïse Katumbi, tajiri wetu, ni prezida wa Mazembe, timu kubwa ya Lubumbashi, tangu 1997. Mtu asiniambie tajiri hana kazi kwenye mpira. Tarehe 14 Desemba 2010, kule Abu Dhabi, nyumbani kwa hao wenye Manchester City, Mazembe waliifunga Internacional ya Brazili 2-0. Alifunga Kabangu, kisha Kaluyituka. Kipa wetu Kidiaba akakaa chini akarukaruka kwa makalio kwenye nyasi, na hapa Kamalondo watu wazima wakawa wanafanya vilevile kwenye vumbi, na mimi nikiwemo. Ilikuwa timu ya kwanza nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Kwenye fainali Inter ya Milan, Italia, walitufunga 3-0 na hatukujali. Kwa michango ya mtaa tungefika pale? Hapana.

Lakini nisikilizeni hapa. Mei 2016 Katumbi aliondoka nchini, hakurudi mpaka Mei 2019. Mazembe walibeba Kombe la Shirikisho la Afrika Novemba 2016, wakalibeba tena 2017, mwenye timu yuko nje. Kwa sababu alikuwa ameacha vitu vilivyosimama: uwanja ule pale Kamalondo, akademi ya vijana, ofisi yenye watu wanaojua kazi. Na Novemba 2024 dada zetu wa Mazembe wakawa mabingwa wa Afrika, waliifunga AS FAR 1-0 kwa wenyewe Moroko.

Mbwana Samatta alikuja kwetu 2011 akitoka Simba ya Tanzania, kijana mwembamba. Tukabeba naye Ligi ya Mabingwa 2015, akaenda Genk, na Januari 2020 Aston Villa wakamnunua, klabu ya Nassef Sawiris wa Misri na mwenzake Mmarekani. Tarehe 1 Machi 2020 alifunga kwa kichwa pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya hao Manchester City. Walipoteza 2-1, lakini mimi nililia. Shaba ya Katanga imepita hapa maisha yangu yote kwenye mabehewa, ikaenda, na hatukuona ilikofikia. Yule kijana nilimwona alikofikia.

Kwa hiyo, mweka hazina, kabla ya jezi muulize huyo mtu atajenga nini. Ule uwanja wenu una ukuta? Una karatasi? Kiwanja kisicho na karatasi hapa mjini kinaota nyumba usiku mmoja.

MwekaHazina_Katuba

Baba, swali lako la karatasi limenichoma. Uwanja hauna karatasi. Miaka yote hiyo tulizungumza kuhusu washambuliaji.

Nimeandika masharti usiku huu kwa mkono, kurasa mbili. Neno avansi halitaingia kwenye daftari letu. Kila anachotoa prezida ni mali ya timu, kinaandikwa siku hiyohiyo na kusainiwa na watu watatu, mmojawapo awe mama wa mchezaji. Posho ya msimu mzima iwekwe kabla ya mechi ya kwanza. Na ada ya kujiandikisha tutachanga wenyewe, franga 2,000 kila familia, hata yeye akitaka kuilipa yote. Hilo la ada nitalipigania mpaka mwisho, kwa sababu ndilo lililotumaliza.

Mama wa Kampemba, nisaidie jambo moja. Tuna beki wa miaka 16, ana kipaji cha kweli, na huyu mfanyabiashara ameshamuulizia mara mbili. Niandike nini?

MamaHesabu_Kampemba

Andika kwamba kijana ni wa wazazi wake kwanza, na hakuna anayezungumza na timu nyingine juu yake bila baba au mama yake kuwa kwenye meza. Ikija pesa, nusu iende kwa timu ya watoto na haiguswi kwa posho ya wakubwa. Ukiacha mwanya hapo, mwaka wowote hesabu zikikaza watamtazama yeye.

Na la karatasi lianze Jumatatu, usingoje tajiri.

Wissa_wa_Kenya

Mama, nimekusoma mara mbili. Kuhusu hisa sikuwa nalijua. Bado nasema Newcastle walifungiwa mlango, hilo sitaliacha, lakini kwa timu ya Katuba umesema kweli. Mukubwa, tuambie Jumapili imekwendaje.

MwekaHazina_Katuba

Jumatatu asubuhi, ndugu zangu.

Mfanyabiashara alikuja, akasoma kurasa zote mbili kimya mbele ya watu. Ya mali ya timu alikubali. Ya beki wetu alikubali, ingawa alinyamaza kidogo kwanza. Posho ya msimu mzima alikataa, akasema hakuna mtu wa madini anayejua bei ya mwezi wa sita. Baadhi ya vijana walinizomea, wakidhani namfukuza. Tumefika kwenye miezi mitatu, pesa taslimu, imeshahesabiwa na iko kwenye sanduku la parokia. Kwa hiyo nimeandika upya mkataba wa kipa wa Likasi: nao ni wa miezi mitatu, pesa yake iko ndani ya sanduku hilo, hataondoka tena mtu hapa na madeni yetu mfukoni mwake.

Nyavu zimekuja jana jioni. Nilisaini mimi, akasaini katibu, akasaini mama wa yule beki, na juu ya safu tumeandika "mali ya timu" kwa kalamu nyeusi.

Ada: familia 17 zimelipa. Leo saa nne nakwenda na katibu ofisi ya ardhi ya commune kuulizia karatasi za uwanja. Baba wa Kamalondo, kama unamjua mtu mwaminifu wa kupima viwanja, niandikie.